Naomba ushauri: "drukhoudende delen" tuiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Nipo Rotterdam, nimepewa kazi ya kutafsiri kitabu cha maelekezo ya boila ya mvuke iliyotumika, inakwenda kiwandani Mwanza. Nimekwama kwenye neno moja la Kiholanzi, "drukhoudende delen". Druk ni presha, houden ni kushika au kuzuia. Ni zile sehemu zinazobeba presha yenyewe: mwili wa boila, mabomba ya ndani, mwili wa valvu na kifuniko chake, hadi boliti zinazokifunga. Usukani wa valvu na miguu ya boila havimo.

Nilianza na "vipuri vyenye presha". Nikaona fundi ataelewa mle mlimo na mvuke tu, boliti akaziacha nje, akaja kufunga yoyote aliyoikuta dukani. Hilo linanikosesha usingizi. Kitabu kinakataza kuchomelea sehemu hizo bila mkaguzi, na boila hii inafanya kazi kwa bar 10, maji yakiwa kama nyuzi 184. Ikipasuka hakuna wa kukimbia.

"Kanieneo", neno la vitabu vya fizikia kwa presha, ni sahihi, ila kwenye karakana sijalisikia. Kwa sasa nimeandika "sehemu zinazozuia presha", lakini naogopa mtu atadhani ni valvu ya usalama.

Mafundi wa boila, nyie mnaziitaje mkiwa kazini? Na je, nichore picha nizipake rangi sehemu hizo? Natakiwa kukabidhi Ijumaa.