Peugeot 504, Beetle au Mercedes W123: ipi ya kuendesha kila siku Nairobi na ibaki ya asili?

Mkaazi wa Kikuyu
Wadau, natafuta gari la zamani la kwenda nalo kazini Upper Hill, si la kufunikwa turubali likingojea Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari ya zamani pale Ngong Racecourse. Nimeona matatu. Peugeot 504 iliyounganishwa Mombasa, injini ya lita 2, rangi imepauka lakini viti ni vya kiwandani. Volkswagen Beetle ya 1972, imepakwa rangi majuzi na inang'aa. Mercedes 200 ya muundo wa W123, ya 1983, imekuwa na mwenyewe mmoja tu. Kuagiza nje haiwezekani kwa sababu ya sheria inayozuia kuingiza nchini gari la zaidi ya miaka 8, na sitaki kutia injini ya Toyota ndani. Mngechukua ipi?

Fundi wa Ngara
Anza na kutu, injini baadaye. Injini zote tatu zinafunguliwa na kujengwa upya hapa Nairobi, lakini bodi iliyoliwa hula pesa bila kikomo. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe kwenye vizingiti vya milango. Palipojazwa fila (lipu ya kufunika kutu) haitashika. Kwenye Beetle inua kiti cha nyuma, utazame chini ya betri, maana asidi hutoboa sakafu hapo. Kwenye 504 kagua matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokabsoba za mbele zinaposhikiliwa juu, hasa kama gari limeishi Pwani. W123 huozea mahali pa jeki, shimo la tairi la akiba na chini ya kioo cha mbele. Hiyo rangi mpya ya Beetle ndiyo inanitia shaka kuliko ile iliyopauka. Muuzaji akuonyeshe picha za kazi ilipokuwa ikifanywa. Kama hana, shusha bei au ondoka.

Damu ya Simba
504, bila kusita. Ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na zile steshenwagoni zilibeba abiria wa Nakuru na Kisumu miaka mingi wakati barabara zilikuwa mashimo matupu. Springi zake ndefu bado zinakufaa ukitoka lami. Kitu kimoja tu cha kuangalia kwenye foleni ya Waiyaki Way: feni yake hushikwa na klachi ya sumaku ya umeme. Ikichoka, feni haizunguki inavyopaswa na injini inachemka mkiwa mmesimama. Watu hufunga feni moja kwa moja na kusahau. Tengeneza klachi yenyewe. Spea ziko Kirinyaga Road, ila nenda na kile kipande cha zamani mkononi, ulinganishe kabla ya kulipa.

Dada wa Beetle
Msiiseme vibaya Beetle kwa sababu ya rangi. Haina maji ya kuchemka, na foleni huivumilia vizuri mradi mkanda wa feni umekazwa na raba zinazozunguka injini zipo zote. Raba zikikosekana, injini inavuta tena hewa yake ya moto. Jambo ambalo silifanyii mzaha ni mipira ya petroli. Kasha la injini ni la aloi ya magnesiamu, na likishika moto halizimiki kwa urahisi. Badilisha mipira siku ya kwanza, na uweke kizima-moto ndani ya gari. Lakini nikiwa mkweli kwako kaka, kutoka Kikuyu kila siku, na malori yakikupita Southern Bypass, breki za ngoma na bodi ile nyepesi zingenipa wasiwasi.

Mzee wa Lang'ata
Kijana, ukiuliza ya kila siku, jibu ni W123. Breki za diski magurudumu yote manne, na bodi iliyoundwa kwa kufikiria ajali. Zilitengenezwa takriban milioni 2.7, kwa hiyo spea bado zinapatikana. Sikiliza cheni ya taimingi asubuhi injini ikiwa baridi. Ikigonga kwa muda mrefu, ibadilishwe kabla hujaizoea.

Mkaazi wa Kikuyu
Asante mzee. Na petroli isiyo na risasi? Nasikia inaua valvu.

Fundi wa Ngara
Kenya iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na magari haya yamekimbia tangu hapo. Vichwa vya injini zote tatu ni vya alumini vyenye viti vigumu vya valvu vilivyopachikwa. Hofu hiyo ni ya injini zenye vichwa vya chuma cha kusubu, kama Land Rover za zamani.

Kinachosumbua hapa ni mwinuko. Tuko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa Pwani itatoa petroli nyingi mno: plagi nyeusi, moshi, gari linalovuta kwa uzito. Dawa ni jeti (vitundu vya kupitisha petroli) ndogo zaidi. Usikubali mtu akuuzie kabureta ya gari lingine. Na ukiweka umeme wa kisasa ndani ya distribyuta, zile pointi za zamani zifunge ndani ya boksi na uziandikie. Kila unachobadilisha kiweze kurudishwa.

Karani wa Magari
Kabla ya amana, linganisha namba ya chasi na ya injini na zile za logibuku. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa NTSA (mamlaka ya usajili wa magari), uhamisho wa umiliki utakwama.

Mkaazi wa Kikuyu
Basi Beetle nimeiacha. Jumamosi naenda na fundi kuitazama 504. Viti vile vya kiwandani sitavipata tena popote, na rangi sitaigusa, nitaisafisha na kuipaka nta tu.

Mzee wa Lang'ata
Nenda. Lakini zile sehemu za juu za shokabsoba zikiwa zimeoza, usianze kuhesabu gharama ya kuchomelea. Mpigie mwenye Mercedes jioni hiyo hiyo.