Mawimbi ya ubongo na utapeli: kuna ukweli gani katika hii slaidi?

Karani_Mkuu
Hamjambo wadau. Naandaa mafunzo ya dakika 90 kwa mawakala wa M-Pesa na makarani wa vyama vya akiba huku Eastlands, Nairobi, mada ikiwa utapeli. Mwezeshaji mwenzangu ameleta slaidi inayosema hivi: ubongo ukiwa "beta" mtu yuko macho na hadanganyiki, ukishuka "alfa" mlango unafunguka, ukifika "theta" anameza lolote, na ndiyo maana watoto wote chini ya miaka 7 huamini kila kitu, kwa kuwa wanaishi theta. Mwishoni anawashauri watu wasikilize sauti za beta kwa simu kila asubuhi wapate kinga.

Naomba kujua mambo matatu. Kuna ukweli gani hapo? Ule mkanda wa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) wa kuvaa kichwani unaouzwa mtandaoni unaweza kusaidia darasani? Na nikiitoa slaidi hiyo, niweke nini mahali pake?

Elektrodi21
Majina na masafa ni sahihi. Delta ni chini ya hezi 4 (mizunguko 4 kwa sekunde), theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, gama juu ya hapo. Kosa ni kudhani ubongo mzima unakuwa kwenye wimbi moja, kama redio iliyowekwa stesheni moja. Mawimbi yote yapo wakati wote. Kinachobadilika ni nguvu ya kila moja na sehemu ya kichwa linapoonekana.

Chukua alfa. Hans Berger, daktari Mjerumani aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na kuichapisha 1929, aliona kile ambacho kila fundi wa EEG hukiona hadi leo: mtu akifumba macho, alfa inapanda nyuma ya kichwa, akifumbua, inashuka. Hakuna aliyegeuka mjinga kwa kufumba macho sekunde kumi.

Theta nayo ni mbili kwa jina moja. Kuna ile ya kusinzia, ambapo alfa inakatika na theta inatawala. Hapo mtu ameingia hatua ya kwanza ya usingizi. Na kuna theta ya katikati ya paji, ambayo hupanda mtu anapopiga hesabu ngumu kichwani au anapojizuia asikosee. Karani anayekagua daftari la michango kwa makini atakuwa nayo nyingi kuliko mwenzake anayepiga soga. Kwa kanuni ya slaidi yako, huyo makini ndiye wa kutapeliwa.

Kinachoivunja slaidi kabisa ni dawa. Dawa za kundi la benzodiazepini (za kutuliza na kuleta usingizi), ambazo hutajwa sana watu wakizungumzia kuwekewa "mchele" kwenye kinywaji, huongeza beta. Mtu amezubaa, hakumbuki, anataja namba yake ya siri, na karatasi ya EEG imejaa mawimbi ambayo slaidi inayaita ya kinga. Atropini inafanya kinyume: Abraham Wikler alionyesha mwaka 1952 kwamba mbwa waliopewa dawa hiyo walikuwa macho huku EEG yao ikitoa mawimbi mapana ya polepole kama ya mbwa aliyelala. Ukiangalia wimbi peke yake huwezi kusema mwenye kichwa anafikiri vizuri au la.

Habari ya watoto haina msingi. Mdundo wa nyuma ya kichwa kwa mtoto wa mwaka mmoja ni karibu hezi 6. Akifika miaka 3 ni karibu 8, yaani tayari mlangoni mwa alfa, na kwa miaka 10 ni karibu 10. Mtoto wa miaka 5 anaamini wakubwa kwa kuwa hajaona mengi na anawategemea kwa kila kitu.

Mkanda sasa. Mingi ina elektrodi (vibati vya kunasa umeme wa ubongo) chache kavu, mara nyingi pajini na nyuma ya masikio. Hospitalini huwekwa 21 kwa mfumo wa 10-20 (mpangilio wa kimataifa wa nafasi za elektrodi kichwani), kwa jeli, baada ya kusugua ngozi mpaka ukinzani ushuke chini ya kiloomu 5. Sababu ni kwamba ishara ya ubongo ni maikrovolti 10 hadi 100 tu, na kila kitu kingine kina kelele kuliko hiyo. Kupepesa jicho kunarusha maikrovolti 100 au zaidi pajini, na programu ya bei nafuu inaandika "delta" au "theta". Kukaza taya kunamwaga kelele ya misuli kuanzia hezi 20 hivi kwenda juu, na programu inakupongeza kwamba uko beta. Umeme wa ukutani unaongeza hezi 50 zake. Na mikanda yenye elektrodi za utosini haifiki ngozini kwa mtu mwenye rasta, wigi au nywele za kushonea. Usije ukamtangazia mama wa watu mbele ya darasa kwamba ubongo wake umelala, kumbe ni mtindo wa nywele.

Onyesho pekee ambalo lingefaa ni kufumba macho sekunde 20 na kufumbua 20, mara tatu, elektrodi ikiwa kisogoni. Mkanda wa pajini utaionyesha alfa hiyo kwa udhaifu, pengine isionekane. Okoa pesa zako.

Zile sauti: jambo lenyewe ni la zamani, Heinrich Wilhelm Dove alilieleza mwaka 1839 hivi. Kila sikio linapewa sauti yake, tuseme hezi 200 kushoto na 220 kulia, na ubongo unasikia mtetemo wa hezi 20. Bila hedifoni hakuna kitu, kwa sababu spika ya simu inachanganya sauti hizo hewani kabla hazijafika sikioni. Hata kwa hedifoni, tafiti zinapingana kuhusu kama EEG inaufuata mtetemo huo. Toka hapo mpaka kinga ya utapeli ni mbali mno.

Jirani_SouthB
Mkuu Elektrodi, lakini si inajulikana kwamba televisheni inakuingiza alfa kwa sekunde 30? Ndiyo maana matangazo yanafanya kazi.

Saikolojia_Tu
Jirani, hiyo inatokana na Herbert Krugman, mtafiti wa matangazo wa Marekani, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1971. Alimpima mtu mmoja. Mmoja tu! Na aliyetulia akitazama kitu kisichomchosha ataonyesha mawimbi ya polepole hata akitazama ukuta. Matangazo yanafanya kazi kwa njia iliyopimwa vizuri zaidi: kurudiwa. Hasher, Goldstein na Toppino walionyesha mwaka 1977 kwamba sentensi iliyosikika zaidi ya mara moja huonekana ya kweli zaidi, iwe ya kweli au ya uongo. Hakuna haja ya alfa hapo.

Karani, usitupe kila kitu ukadhani hali ya ubongo haina maana. Ina maana sana, ila isome kwenye saa na kwenye kazi iliyo mkononi mwa mtu. Kuna hali tatu ambazo ningezijenga mafunzo juu yake.

Ya kwanza, na iliyo nzito, ni kukosa usingizi. Mwaka 2016 Steven Frenda, Elizabeth Loftus na wenzao walichapisha jaribio la watu 88. Washiriki walifanya kazi kwenye kompyuta wakiwa wameonywa wasibonyeze kitufe cha Escape. Baadaye nusu wakalala usiku kucha, nusu wakakesha. Asubuhi waliombwa watie sahihi maandishi yanayosema walikibonyeza, jambo ambalo hawakulifanya. Waliolala, asilimia 18 walitia sahihi walipoombwa mara ya kwanza. Waliokesha, asilimia 50. Sasa iangalie simu ya "nimekutumia pesa kimakosa, mbona unakula jasho la mtu?" Ni shutuma ya jambo usilolifanya, na njia rahisi ya kuimaliza ni kukubali. Wakala aliyefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa nne usiku siku tano mfululizo anaanza kufanana na wale waliokesha. Anaweza pia kupotelewa na sekunde chache, hadi 15 hivi, akiwa amefumbua macho, na ujumbe ukampita bila kusomwa.

Ya pili ni dakika za kwanza baada ya kuamka. Uzito huo wa kichwa hukaa dakika 15 hadi 30 kwa kawaida, na zaidi ukiamshwa kutoka usingizi mzito. Simu ya saa tisa usiku, "mwanao amepata ajali, tuma ya kulipia kitanda", inakukuta hapo hapo.

Ya tatu haina usingizi ndani yake kabisa: akili yenye kazi mbili. Daniel Gilbert na wenzake mwaka 1993 waliwapa watu taarifa za uhalifu, sentensi za uongo zikiwa zimetiwa rangi nyekundu ili kila mtu ajue ni za uongo. Waliokuwa pia wanaitafuta tarakimu "5" kwenye mstari wa namba unaopita walipendekeza kifungo cha karibu mara mbili pale sentensi za uongo zilipolikuza kosa kuliko zilipolipunguza. Walijua rangi nyekundu ni uongo, lakini kulitoa jambo akilini ni kazi ya pili, na nafasi ya kuifanya haikuwepo. Pata potea ya mtaani inaishi hapo: makelele, mwenzao anayejifanya kushinda, mkono unaokwenda mbio. EEG ya mtazamaji wakati huo ingekuwa ya mtu aliye macho kabisa.

Nyongeza moja, kwa sababu darasani lazima mtu atauliza kuhusu wale wanaosema "alinishika mkono nikapotea akili". Uwezo wa kuathiriwa na hipnosisi (kupumbazwa kwa maneno) ni tabia ya mtu inayokaa naye. Waliopimwa tena baada ya miaka 25, katika utafiti uliochapishwa 1989, walikuwa karibu na nafasi zao za awali. Haimiminwi kwa mkono. Ila usimcheke anayesema hivyo. Kama alikunywa au kula kitu kabla, na kuna saa ambazo hazikumbuki, aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe mkojo na damu, maana baadhi ya dawa hizo hutoka mwilini haraka.

Karani_Mkuu
Shukrani nyingi. Slaidi imekufa. Sasa mahali pake?

Mkaguzi_wa_Floti
Weka taratibu ambazo hata mtu aliyechoka atazifuata bila kufikiri, na zoezi la kuwaonyesha kwa nini. Usiwafundishe "kumsoma mwongo". Bond na DePaulo walijumlisha majaribio mengi mwaka 2006: watu hupatia asilimia 54, ambapo kubahatisha ni 50.

Taratibu za kibanda: salio linaangaliwa kwa menyu ya M-Pesa au kwa programu, kamwe si kwa ujumbe ulioonyeshwa au kusomwa na mteja. Ujumbe wa kweli unaingia kwa jina MPESA. Ukitoka kwa namba ya kawaida ni wa wakora, hata kama una msimbo wa herufi na tarakimu kumi kama wa kweli. Anayedai alituma kimakosa aambiwe apeleke ujumbe wake kwa 456 mwenyewe (namba ya Safaricom, wenye M-Pesa, ya kuomba muamala urudishwe). Wewe hurudishi chochote kwa mkono wako. Safaricom wanasema huwapigia wateja kwa 0722 000 000 tu, na hawaulizi namba ya siri. Usifanye muamala ukiwa bado kwenye simu: kata, ndipo uguse menyu. Kwa chama, kiasi kinachozidi 20,000 kihitaji mtu wa pili aliyelala nyumba nyingine, na ombi lolote la usiku lisubiri saa mbili asubuhi. Kiwango ni chenu kukipanga, ila kiandikwe ukutani kabla ya dharura, kwa sababu wakati wa dharura kila mtu ana sababu nzuri ya kukivunja.

Zoezi, dakika 25. Chapa jumbe 20, za kweli na za uongo, usiwaambie ngapi ni za uongo. Gawa darasa mbili. Kundi A linaainisha kwa utulivu. Kundi B kila mtu anashika kichwani namba ya tarakimu 7 huku akiainisha, na ataulizwa namba hiyo mwishoni. Wote dakika 4. Kisha badilishaneni, kwa jumbe 20 nyingine, la sivyo utakuwa unapima kumbukumbu. Hesabu makosa ya aina moja tu: uongo uliopitishwa kuwa kweli. Zoezi huharibika kwa njia mbili. Jumbe za uongo zikiwa na makosa ya tahajia ya wazi, kundi B nalo litapata zote; nakili mpangilio wa ujumbe wa kweli, badilisha namba ya mtumaji au salio tu. Na tarakimu 7 ziwe tofauti kwa kila mtu, maana ukiwapa moja watanong'onezana.