Kutembea kwa miguu rasi ya Sorrento bila kiongozi

Ndugu, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Ujerumani, na mwezi Mei tunakusudia kutembea kwa siku 5 katika rasi ya Sorrento, kusini mwa Italia, bila kuajiri mtu wa kutuongoza. Je, Sentiero degli Dei, yaani Njia ya Miungu, inamfaa mtu ambaye goti lake moja limeanza kulalamika?

Jibu: Inafaa, ndugu yangu, ila anzieni kijiji cha Bomerano muelekee kijiji cha Nocelle, kwani kwa upande huo njia huteremka kuliko kupanda, na kisiwa cha Capri hukaa mbele ya macho yenu. Tatizo ni ngazi za kutoka Nocelle hadi mji wa Positano ulio chini yake, ambazo ni zaidi ya 1,500. Mimi nilijifanya shujaa nikazishuka zote, na kesho yake niliteremka kitandani kinyumenyume. Shemeji yetu ashuke kwa miguu akipenda, lakini wewe panda basi dogo.

Jibu: Naongeza kwamba tiketi za basi ni vyema kuzinunua mapema kwenye duka la tumbaku lenye alama ya T. Njiani fuateni mistari myekundu na myeupe iliyopakwa kwenye miamba, na mvua ikinyesha ahirisheni safari, kwa sababu mawe yale ya chokaa, yaliyosuguliwa na nyayo za watu wengi, huteleza kama sabuni.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Goti ni langu, kwa hiyo basi nimelikubali.