Naomba ushauri: slupu au brigantini kwa wachezaji wawili?

Habari zenu wakuu. Mimi na binamu yangu, tuko Mombasa, hucheza Sea of Thieves (mchezo wa video wa maharamia na vita vya meli) kwa slupu, meli ndogo kuliko zote mchezoni. Kinachotusumbua ni galioni, ile meli kubwa kuliko zote. Tukienda bisho, yaani dhidi ya upepo, tunaiacha, lakini tukigeuka tu, upepo wa tezi (wa nyuma) unaipa mbio, na mizinga yake minne ya ubavu mmoja inatutoboa hadi ngama, chini kabisa ya meli. Sisi kila ubavu tuna mmoja! Tumejaribu kutia nanga ghafla ili tukate kona. Mmoja akiziba matundu na kufua maji, usukani na mzinga vinabaki kwa mwenzake, na hapo ndipo tunapozama.

Je, watu wawili wanaweza kuimudu brigantini, meli ya ukubwa wa kati, vitani? Na tukibaki na slupu, tugeuke wakati galioni bado iko nyuma yetu, au tungoje itupite?