Tupeane uzoefu: Mageuzi ya elimu yalipofika darasani kwako, yalikuta nini?

Wakuu wa Tanzania, MMEM ya 2002 (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), shule za kata (sekondari zilizojengwa kwenye kata), Matokeo Makubwa Sasa ya 2013 (mpango wa serikali wa kuharakisha maendeleo), elimu bila malipo, na sasa mtaala mpya: kote humo nimeshika chaki. Nia sina ugomvi nayo. Nataka tusimulie kilichotokea mlangoni mwa darasa. Naanza.

2002, ajira mpya, nikapangiwa darasa la kwanza. Ada imefutwa, wazazi wakaleta watoto wote, wa miaka saba na wa kumi na tatu benchi moja. Majina 164, kuyaita tu kulikula nusu ya kipindi. Fedha za ujenzi zilikuja kweli, madarasa mawili yakasimama, mwalimu nikabaki yuleyule. Kila mgeni kutoka wilayani aliuliza tumeandikisha wangapi na jengo limefikia wapi. Hakuna aliyemshika mtoto mmoja akamwambia, "Hebu nisomee hapa." Mwisho wa mwaka wote nikawapandisha la pili. Hilo nalikiri.

Binti wa Kata: Shikamoo mwalimu. Mimi ni zao la shule ya kata, 2007. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametoka kumaliza kidato cha sita, akapigwa msasa wiki chache akaletwa. Ndio wale tuliowaita voda fasta. Mtu mwema sana, jioni alikuwa anakokotoa maswali pamoja nasi, na yeye anajifunza. Bureti niliijua kwa mchoro wa ubaoni. Na lugha! Darasa la saba nimemaliza kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Alitueleza kwa Kiswahili, akatuandikia notisi kwa Kiingereza, tukakariri hata makosa yake ya tahajia. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli, nchi ilishtuka. Sisi wa huko hatukushtuka.

Mjumbe wa Kamati: Kwetu kilichokufa ni uji. Kabla ya 2016 kila mzazi alitoa mahindi na hela kidogo ya mlinzi na ya kijana aliyejitolea kufundisha hisabati. Tangazo la elimu bila malipo lilipotoka, mkutano uligoma: "Serikali imesema bure!" Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 52. Andazi halipatikani. Mwalimu mkuu akiomba mchango anaogopa kutumbuliwa, asipoomba watoto wanasinzia saa nne. Yule kijana wa hisabati sasa ana bodaboda.

Kabrasha: Mtaala wa umahiri, ule unaotaka mtoto aweze kutenda, si kukariri tu, 2005. Shule yetu ilipeleka mwalimu mmoja semina, siku tatu, akaambiwa akirudi atufundishe wenzake. Alirudi na kabrasha na soda mbili. Kabrasha liko kabatini, ufunguo anao mwalimu aliyehama.

Mpita Njia: Soda mlikunywa lakini?

Mleta mada: Marahaba binti yangu. Huyo mwalimu wenu wa kemia yuko wapi siku hizi?

Binti wa Kata: Alienda chuo, akarudi na digrii, sasa ni mkuu wa shule. Juzi kanipigia anacheka: semina ya mtaala mpya imekuja, ameambiwa apeleke mwalimu mmoja.