Paa la karavani linavuja: nizibe vipi, na plaiwudi ipi inafaa?

Mwenye karavani, Nakuru
Ndugu zangu, nina karavani ya zamani yenye kiunzi cha mbao kilichofunikwa kwa bati la alumini. Tangu masika yaanze, dari limepata doa la kahawia karibu na kidirisha cha paani. Nikilibonyeza kwa kidole linadidimia, na plaiwudi ya ukuta ulio chini yake inabanduka tabaka kwa tabaka. Dukani naoneshwa marini bodi nyeusi, plaiwudi ya kawaida na OSB (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa pamoja). Ninunue ipi, na nifanye nini ili maji yasirudi?

Fundi seremala, Mombasa
Kaka, paa kwanza, ubao baadaye, kwani plaiwudi mpya ikifungwa chini ya paa linalovuja itaoza kama ile ya zamani. Usidhani tundu liko juu ya doa. Maji hupenya kwenye skrubu au kwenye ungio la bati, yakafuata mbao za kiunzi na kudondokea mbali na yalipoingilia. Ng'oa fremu nzima ya kidirisha, kwangua gundi yote ya zamani, pangusa bati kwa spiriti likauke, kisha tandika utepe wa butili (utepe laini wa mpira unaonata) chini ya fremu na ukaze skrubu kidogo kidogo kwa zamu mpaka butili itokeze pande zote. Silikoni ya bafuni nakusihi uiache, kwa sababu mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika, na atakayekuja kurekebisha baadaye atapata taabu kubwa.

Mjenzi wa mashua, Lamu
Naongezea kuhusu ubao. Hiyo marini bodi nyeusi kwa kawaida ni ya kumwagia zege: uso wake una utando laini ambao gundi na rangi havishiki vizuri. Plaiwudi halisi ya mashua hutengenezwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, lakini ni ghali, na kwa ukuta wa karavani inatosha plaiwudi ya milimita 4 hadi 6 iliyogandishwa kwa gundi ya WBP, yaani isiyoachia kwa mvua wala kwa kuchemshwa. Muombe muuzaji kipande ukichemshe nyumbani. Tabaka zikiachana, usiinunue. OSB ni nzito, na ikilowa hufura kingoni. Aina yoyote utakayochagua, paka epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu na kuzuia maji) kingo zote na kila tundu la skrubu kabla ya kufunga, maana plaiwudi hunywa maji zaidi kupitia kingo.

Mwenye karavani, Nakuru
Nashukuru sana. Na kiunzi chenyewe kilicholowa?

Fundi seremala, Mombasa
Kidunge kwa bisibisi. Panapozama bila kutumia nguvu, kata mpaka ufikie mti mzima na uunge kipande kipya. Palipo pagumu, paache wazi pakauke kabisa. Usifunike ukuta mti ukiwa bado na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, kwa sababu kuvu wa kuozesha wataendelea na kazi yao ndani, hata paa likiwa halivuji tena.