Wageni wa Machi: niwaonyeshe ndege gani Dodoma?

Mtembezi_Makulu
Habari wakuu. Naanza kazi ya kuongoza wageni hapa Dodoma. Kuna Waingereza wanne wanataka kuja kuangalia ndege, ama mwanzo wa Machi ama mwisho wa Aprili. Niwashauri lini, asubuhi moja niwapeleke wapi, na darubini ya namba gani itanifaa?

kwezi_kijivu
Mwanzo wa Machi, usisite. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ndege wa majani huzaliana mbegu na wadudu wakiwa tele. Kweche dume anakuwa mwekundu na mweusi, fumbwe dume ana mkia mrefu. Mvua ikishakatika manyoya hayo yanapukutika, wanabaki kahawia kama majike, na hata mzoefu anapata taabu kuwatofautisha.

Mbayuwayu, keremkerem na kambu wa Ulaya nao bado wapo Machi. Ikifika mwisho wa Aprili wengi wameshaelekea kaskazini kuzaliana.

Kambu ndiye atakayekuletea maswali. Wa Ulaya ana kichwa na kifua cha buluu, mgongo wa rangi ya kutu. Mkaazi wetu ana kifua cha zambarau na nyuzi mbili ndefu mkiani. Nyuzi hizo hukatika, kwa hiyo anza na kifua.

Hombolo_alfajiri
Wapeleke Bwawa la Hombolo, kilomita 40 hivi. Mfike saa 12 na nusu, maana kufikia saa 4 ndege wa vichakani wamenyamaza na joto linafanya picha ya darubini icheze. Simameni ukingo wa mashariki, jua liwe mgongoni. Ukiwa magharibi utaona vivuli vyeusi tu. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, ukilowa hata gari la fowili linazama, liache kwenye mwinuko mtembee.

Njiani msiipite mibuyu. Kwezi kijivu na kasuku mdogo mwenye kola ya njano asili yao ni Tanzania tu. Kwangu hao wanawazidi korongo wote wa bwawani.

Darubini chukua 8x42: inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina milimita 42. Ya 10x inakuza na mtetemo wa mkono. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, rekebisha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia. Baada ya hapo gusa gurudumu tu.

Mtembezi_Makulu
Asanteni sana. Vipi kuwaita ndege kwa sauti za simu?

bibi_ugani
Msimu wa viota usifanye hivyo, mdogo wangu. Dume anadhani amevamiwa, anaacha kulisha makinda na kuhangaika na simu yako. Jingine: muulize afisa ugani wa kata kama kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka mashambani, wamepuliziwa sumu karibuni. Kama ndiyo, badilisha njia, na mgeni asiokote ndege aliyekufa.